Mshipi wa Shirzil

Sehemu ya tisa

"Usinywe!"

Wale mlionijia juu juma zima mkilalamika kwamba nimewaacha na bakuli mdomoni mwa mtu, haya, bakuli liko pale pale. Bundak amelishika kwa mikono miwili. Maji ya chumvi, yale ya kiapo cha kuingia kazini, yameshamgusa midomo. Mafundi wote wa karakana ya karatasi wamesimama duara wakimtazama yeye, mgeni wa milimani, na hiyo sauti ya mwanamke imetokea mlangoni, nyuma yao.

Vichwa viligeuka. Alikuwa Zarrin, dada yake Usta Tarkhun, fundi mkuu mwenye karakana, mjane anayepika wanga wa kupaka karatasi. Mwiko alikuwa nao mkononi, unadondosha uji mweupe sakafuni.

"Usinywe, mwanangu," alisema tena, safari hii taratibu. "Muulize kwanza aliyekuleta."

Fundi mmoja akacheka, na wenzake wakamfuata.

"Shangazi ameanza," alisema huyo fundi. "Kila akiletwa mtu, yeye lazima aharibu."

"Zarrin, rudi jikoni," alisema Usta Tarkhun bila kupandisha sauti. "Wanga wako unaungua."

Bundak akamgeukia Shirzil. Angemgeukia nani mwingine? Samarkand nzima hakuwa na mtu ila huyo. Alifika na kifurushi chake mgongoni, watengeneza sabuni wakamfukuza, wafuma hariri wakamfukuza, akawa analala kwenye nyasi za farasi nje ya lango kwa sababu mgeni asiye na mdhamini haruhusiwi kulala ndani ya ukuta. Ndipo Shirzil akamsikia sokoni akiongea lafudhi ya kwao, akamshika bega. Mmoja wa kijiji cha juu, mwingine wa kijiji cha chini, lakini bonde ni moja. Shirzil akamlisha, akamvisha, akamsemea kwa Usta.

"Ana nini huyu mama?" Bundak aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mumewe alifia humu humu karakanani," Shirzil alimnong'oneza. "Tangu hapo akiona bakuli la chumvi anachanganyikiwa. Kunywa, ndugu yangu. Usta akibadili nia, mimi sina uso wa kumrudia."

"Kuna lolote natakiwa kukuuliza?"

"Niulize ukishiba. Kuna kondoo amechinjwa kwa ajili yako."

Basi Bundak akanywa.

Alikunywa kwa ajili ya mkewe, Nushin. Baridi iliyopita iliwamalizia kondoo wote, na mpango wake ulikuwa mwepesi: afanye kazi mjini majira ya theluji, na matufaha yakichanua awe nyumbani na kondoo wengine. Asubuhi ya kuondoka, Nushin alimpa mkate wa tanuri, naye akauuma mara moja, kama wafanyavyo kwao. Nushin akautundika ukutani na alama yake ya meno. Mwenyewe ndiye atakayerudi kuumalizia. Hakuna mkono mwingine wa kuugusa, labda ije habari kwamba amekufa.

Usta Tarkhun akanyoosha kiganja. Bundak alitegemea kuona mshipi mpya wa kazi ukitolewa sandukuni. Badala yake, Shirzil aliufungua mshipi wake mwenyewe kiunoni akamkabidhi Usta, na Usta akaufunga kiunoni mwa Bundak kwa mafundo matatu. Ulikuwa bado na joto la mwili wa mwenzake.

Mafundi wakaitikia amina. Baadhi yao walimtazama Shirzil kwa jicho la wivu, na Bundak hakuelewa ni wivu wa nini. Mtu amebaki bila mshipi, wivu wa nini?

Hakukawia kuelewa.

Nyama ililetwa, mikate ikamegwa, na Bundak kwa furaha yake akaona ni adabu kushukuru.

"Usta, Mungu akuzidishie. Nitafanya kazi kwa nguvu zangu zote mpaka matufaha yachanue. Hutanijutia."

Mikono ikasimama juu ya sinia.

"Yachanue, halafu?" aliuliza Usta.

"Halafu niende nyumbani, baba."

Usta Tarkhun akamtazama Shirzil. "Hukumwambia?"

Shirzil alikuwa akitafuta nyama kwenye mfupa usiokuwa na nyama. "Nilimwambia, Usta. Huenda hakunielewa. Watu wa kijiji cha juu unawajua."

"Hajaniambia kitu," alisema Bundak. "Kuniambia nini?"

Usta alijifuta mikono polepole. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa mtu wa sheria, na wakati mwingine afadhali mbaya.

"Sikiliza, mwanangu. Karatasi yetu inatafutwa mpaka Baghdad. Kazi hii ikitoka nje ya ukuta, jiji hili litakula nini? Kwa hiyo aliyefungwa mshipi wa karatasi haruhusiwi kutoka langoni. Anatoka kwa jeneza, au anatoka akileta mtu wa bonde lake, akanywa chumvi kwa hiari mbele ya mashahidi, akauchukua mshipi ule ule. Bonde lenu lilitupatia mtu. Mtu huyo lazima awepo."

"Na akitoroka?"

"Watu wote wa bonde lake hawauzi tena kitu sokoni kwetu. Hata lozi moja."

Bundak aliushika mshipi kwa mikono yote miwili, kama vile ni nyoka aliyemparamia.

"Mimi nina mke, Usta."

"Mgeni wa karakana hulala karakanani. Siku ukiwa usta, utamleta."

"Mimi nangoja siku hiyo tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi," alisema mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe pe.

Shirzil akamvuta Bundak uani, huko kunakobandikwa karatasi mbichi ukutani zikauke. Alianza kulia kabla hata hajaulizwa neno.

"Nipige. Nitukane. Una haki zote. Lakini mama yangu anakufa, Bundak. Mtu wa msafara kaniletea habari. Naenda kumzika, kisha narudi. Matufaha yakichanua niko hapa, nauchukua mshipi wangu, wewe unakwenda kwako. Hupotezi hata siku moja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali?"

Bundak akautazama mshipi kiunoni mwake.

"Unaona? Hata mimi nisingekubali. Nilikosa la kufanya. Mama ni mama."

Hapo ndipo huyu Bundak anaponitia hasira. Mtu amekutia kamba shingoni, na wewe unamfuta machozi? Alimfuta, wallahi. Alimshika mabega, akamwambia mama ni mama kweli, nenda, uwahi theluji.

"Nitapita kwako kumjulia hali mkeo," alisema Shirzil. "Ila nipe kitu cha kumwonyesha, asije akanishuku. Hata hiyo kofia inatosha."

Kofia ile Nushin aliishona kwa mkono wake, maua mekundu pembeni. Bundak akaivua.

"Mwambie nitachelewa kidogo. Mwambie mkate asiushushe."

"Nitamwambia," alisema Shirzil. Aliikunja kofia, akaitia kifuani, akatoka kwa mwendo wa mtu aliyetua mzigo.

Bundak alipewa kazi saa hiyo hiyo. Kazi ya mgeni ni kukoroga kwa mti matambara yaliyopondwa, ndani ya tangi la maji baridi, mikono mpaka viwikoni. Kinu kilikuwa kikidunda nje, kikizungushwa na mto. Hakuwa amekoroga sana pale Zarrin alipokuja na ndoo ya wanga akaitua kando yake.

"Umekunywa."

"Nimekunywa, Shangazi."

"Kakuambia nini? Mama yake anaumwa?"

Bundak akaacha kukoroga. "Umejuaje?"

"Mama yake alikufa zamani. Mimi ndiye niliyewapikia watu chakula cha matanga, humu humu. Alilia mpaka akatapika."

"Basi huko anakwenda kwa nani?"

Zarrin alikaa juu ya ukingo wa tangi. Alimtazama kijana huyu kwa huruma, na huruma hiyo ikamtisha Bundak kuliko maneno.

"Alipokuja mjini aliacha mchumba. Mjomba wake ndiye aliyemletea bakuli, akamwachia mshipi, akaenda zake. Msichana alingoja, alingoja, mwisho akaolewa kijiji cha juu. Mfanyabiashara mmoja alipomletea habari hiyo, Shirzil alishikwa na homa. Mimi ndiye niliyemkanda kwa maji. Usiku na mchana jina ni moja tu mdomoni."

"Jina gani?"

"Nushin."

Mti wa kukorogea ulizama tangini. Nushin aliwahi kumwambia, kabla ya ndoa, kwamba aliposwa na mtu akaenda mjini akapotelea huko. Jina hakulitaja, na Bundak kwa uungwana wake hakuliuliza. Sasa mtu huyo yuko njiani, na kofia kifuani.

"Kwa nini hukunieleza pale mlangoni?" aliuliza. "Kwa nini ulisema usinywe tu?"

"Mume wangu alikuwa mgeni kama wewe, kutoka Farghana. Alikuwa na mke kwao, nami sikulijua hilo mpaka siku anakufa ananiita kwa jina la mwenzangu. Tangu siku hiyo nawapigia kelele wote. Nikieleza zaidi kaka yangu atanifukuza, na mimi sina kwingine."

Bundak hakungoja zaidi. Alitoka mbio na matambara yamemganda mikononi. Alikata katikati ya wauza matikiti, akapindua kikapu cha mtu, akatukanwa na wauza kuni, akawapita mafundi wa shaba bila kusikia nyundo zao. Lango likaonekana. Nje yake msafara ulikuwa unapanga mizigo, na juu ya nyumbu wa mwisho alikuwa Shirzil.

"Shirzil!"

Marungu mawili ya walinzi yakakutana mbele ya kifua chake.

"Mshipi," alisema mlinzi, akikinyooshea kidole kiuno cha Bundak. "Rudi kazini, mtu wa karatasi."

Shirzil aligeuka. Alishuka kwenye nyumbu, akasogea mpaka kwenye mfereji unaopita mbele ya lango. Kati yao palikuwa na walinzi wawili na maji kidogo tu.

"Zarrin kakuambia," alisema.

"Nirudishie kofia yangu."

"Sikukusudia wewe, Bundak. Nilikuwa nangoja yeyote wa bondeni. Siku ile sokoni, ulipotaja mkeo ni nani, nikaona Mungu mwenyewe kanichagulia."

"Mungu usimtie humo. Nilikula chakula chako. Nilikuita ndugu."

"Mimi nilimwita mjomba," alisema Shirzil. "Mjomba wangu, tumbo moja na mama. Alinishika mkono nikanywa. Unadhani yeye alirudi? Ujana wangu wote umeishia kwenye tangi lile, na wewe ukalala kwenye nyumba niliyotaka kuijenga."

"Nushin hakunichukua kwa wizi. Wewe ulipotea."

"Na sasa umepotea wewe."

Shirzil aliitoa kofia kifuani. Akachutama, akaichovya mferejini, akaigandamiza mpaka ikajaa maji, halafu akaikamua. Bundak alitazama maua mekundu yakijikunja na hakuelewa. Kisha akaelewa.

"Karakana ya karatasi ina kinu cha maji," alisema Shirzil. "Watu huteleza. Nani atashangaa?"

"Atakuuliza kaburi liko wapi."

"Nitamwambia mto haukukurudisha."

"Na mkate?"

Shirzil alipanda nyumbu wake. Macho yake hayakuwa makavu, hilo nalo niliseme, maana mtu akikuumiza huku analia maumivu hayapungui.

"Mkate atauteremsha mwenyewe," alisema, na msafara ukaondoka.

Bundak akaingiza vidole kwenye fundo la kwanza la mshipi. Mlinzi mzee akamshika mkono, bila ukali.

"Fungua ukitaka. Ila geuka kwanza uwaone hao."

Nyuma yake, ndani ya lango, watu wa milimani walikuwa wamekaa chini na magunia yao ya lozi. Aliwajua nusu yao kwa nyuso. Mwanamke mmoja alikuwa akimnyonyesha mtoto huku anapigia kelele bei. Nyumbani kwao hakuna kingine cha kupitisha nacho baridi ila hayo magunia. Bundak akaushusha mkono.

"Shemeji!"

Najua mtasema nimempanga makusudi. Sikumpanga. Msimu huo ndio milima yote hushuka sokoni kabla theluji haijafunga njia, na aliyekuwa anaingia langoni akivuta punda mwenye magunia alikuwa Warzak, kaka yake Nushin, jitu zima lenye ndevu, linacheka kabla ya kusalimia.

Alimkumbatia Bundak mpaka akamnyanyua. "Nimekutafuta kwa watengeneza sabuni, wamenitukana. Na mshipi umefungwa? Kumbe mambo yako safi. Mbona mikono barafu hivi?"

"Umetoka nyumbani lini? Nushin yuko salama?"

"Salama na nusu. Ana mimba, shemeji. Ndiyo maana nimekuja mbio. Anasema uache kazi yoyote uliyoipata, urudi kabla njia haijafungwa, yuko peke yake kule juu."

Bundak aligeuka akalitazama vumbi la msafara.

"Usiwaze riziki," Warzak aliendelea. "Tumeshapatana na dada. Wewe urudi, mimi nibaki hapa nifanye kazi badala yako. Mpaka matufaha yachanue tu, maana na mimi kuna binti wa watu ananingoja. Hivi, kuna mtu nimepishana naye hapo nje amejifunika uso. Anafanana na mtu niliyemjua zamani."

"Huyu ni wa bonde lenu?"

Usta Tarkhun alikuwa amesimama nyuma yao, akihema. Alikuwa amemfuata mgeni wake mbio na mafundi wawili, akidhani atavunja kiapo.

"Bonde moja, baba," Warzak alidakia kwa heshima. "Mimi ni shemeji yake. Natafuta kazi, kama ipo."

Usta akamtazama Bundak, kisha mshipi kiunoni mwake. "Ipo," alisema. "Leo ipo."

Wakarudi wote karakanani. Njia nzima Warzak alikuwa akiongea, habari za punda, za binti wa watu, za Nushin anavyotapika asubuhi na kumsingizia mtindi. Bundak alitembea kando yake. Alitakiwa kusema maneno machache tu: usinywe, geuza punda, mkimbilie yule mtu, mwambie dada yako niko hai. Warzak angekwenda. Habari zingefika. Lakini yeye Bundak asingefika. Mtoto angezaliwa, angekua, angeota ndevu, baba yake yuko tangini anangoja kuwa usta.

Na akinyamaza? Akinyamaza, jioni hii yuko juu ya punda, kofia iliyolowa iko mbele yake tu, na njia bado haijafungwa. Atarudi kumkomboa Warzak, matufaha yakichanua. Atarudi kweli. Alijiambia hivyo, kisha akakumbuka nani mwingine aliyesema hivyo uani asubuhi ile ile.

Mafundi walisimama duara. Bakuli lilijazwa. Usta alilegeza mafundo ya mshipi kiunoni mwa Bundak, akaushika mkononi tayari.

Zarrin alikuwa mlangoni na mwiko wake. Safari hii hakupiga kelele. Alimkazia macho Bundak peke yake, akingoja aone ni nani atakayesema.

Warzak alilipokea bakuli kwa mikono miwili, akalinusa, akatabasamu. Halafu, kwa kuwa alilelewa vizuri, akamgeukia mkubwa wake.

"Shemeji, kuna lolote natakiwa kukuuliza kabla sijanywa?"

Kinu kilidunda nje. Bundak alihisi kiuno chake chepesi.

"Niulize," alisema, "ukishiba."

Warzak akacheka, akainua bakuli.